Nipimeni macho kabla ya kunikata

Wanja ndio ulioniambia. Ilikuwa siku ya 19 tangu nipasuliwe kope, na uvimbe ulikuwa umeshuka vya kutosha nikaona sasa naweza kujitazama. Niliketi mbele ya kioo changu cha kazini, nikachovya kijiti, nikavuta mstari jicho la kushoto, kisha la kulia, kama ninavyofanya kila asubuhi tangu niwe mwari. Nikafumbua macho. Mstari wa kushoto ulikuwa pale pale nilipouweka, na juu yake ngozi safi inaonekana. Wa kulia haukuonekana wote. Sehemu yake ya juu ilikuwa imeingia ndani ya mkunjo wa kope, imemezwa. Nikafuta, nikapaka tena, ukamezwa tena. Mara ya tatu nilikwenda kuchukua rula ya shule ya mjukuu wangu, nikaisimamisha kando ya jicho, nikajipiga picha kwa simu na kuikuza. Kushoto, kutoka kwenye nywele za kope hadi kwenye mkunjo, milimita 5. Kulia, 3.

(Nikisema kope nakusudia ngozi inayofunika jicho. Kiswahili kimeipa ngozi hiyo na nywele zake jina moja, na siku nyingi hatupati tabu.)

Milimita 2. Ukikosea kiasi hicho kwenye upindo wa gauni hakuna atakayekuuliza. Kwenye jicho, mtu aliyekaa mkabala nawe anaiona, hata kama hajui ni nini anachokiona. Atakuuliza tu, "Dada, umelala vizuri kweli jana?"

Mimi ni mpambaji wa maharusi, Mji wa Kale, Mombasa. Nina miaka 53, na kazi hii nimeifanya miaka 28. Kuna nyumba ambazo nilimpamba mama na baadaye nikaitwa kumpamba bintiye. Kope zangu zilianza kulegea nikiwa na miaka arubaini na kidogo, kama za marehemu mama. Ngozi ikashuka mpaka ikakaa juu ya nywele, nikawa nainua kidevu ili nione ninapochoma pini ya mtandio. Ikifika Magharibi paji la uso linaniuma, kwa kuwa kutwa nzima nimeinua nyusi bila kujua, nazifanyisha kazi ya kope. Hiyo ni sababu moja. Ya pili siifichi: nilitaka uzuri. Mwanamke anayewapendezesha wenzake ana haki ya kutaka kupendeza.

Zamu yangu ya kupokea mchango wa chama ilipofika, nilichukua zile fedha, nikaongeza akiba, zikatimia shilingi 180,000. Nikapanda treni hadi Nairobi, nikafikia kwa binamu yangu Eastleigh. Kliniki siitaji jina. Nataka kusimulia walichonifanyia, na zaidi nataka kusimulia wasichonifanyia, maana hapo ndipo lilipo jambo langu.

Mazungumzo na daktari hayakufika dakika kumi. Alinitazama, akaibana ngozi ya kope kwa vidole, akasema, "Hii ni rahisi, mama." Binti wa mapokezi alinipiga picha moja kwa simu yake, mimi nacheka kwa haya. Nikapewa fomu ya ridhaa, kurasa nne za Kiingereza. Kiingereza nakisoma, lakini polepole, na yule binti alikuwa amesimama na kalamu mkononi akinisubiri. Nikatia sahihi. Kisha nikalazwa kitandani, na hapo, nikiwa nimelala chali, daktari akanichora kope kwa kalamu ya zambarau. Rula sikuiona. Kioo sikupewa. Hakuna aliyeniambia kwamba macho yangu mawili hayakuwa sawa tangu zamani.

Upasuaji wenyewe haukuumiza. Unachomwa ganzi, unabaki macho, unasikia. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja, na mkasi unapoipita unatoa mlio mdogo kama unapokata lesi. Siku ya sita nilitolewa nyuzi, nikarudi Mombasa nimevaa miwani ya jua ndani ya behewa, usiku.

Nilipowapigia simu kuhusu wanja, jibu lilikuwa, "Mama, huo ni uvimbe tu, subiri."

Katika hilo walisema kweli, na nataka wasomaji wanaouguza kope zao wiki hizi walisikie vizuri. Uvimbe haushuki sawa pande zote mbili. Upande uliovuja damu zaidi chini ya ngozi hukawia, na upande unaoulalia hukawia pia. Mimi hulalia wa kulia tangu utotoni. Wiki mbili za kwanza uso hauna la kukuambia. Mwezi wa tatu ndipo unaanza kusema kitu, na kovu lenyewe huendelea kulainika hata mwaka mzima. Ndiyo maana madaktari waangalifu hawakubali kukata tena mapema. Wengi husubiri yapata miezi sita.

Nina mteja Malindi aliyeshindwa kusubiri. Wiki ya tano alikwenda kwa mtu mwingine, akamwambia, "Huu upande uko chini, upandishe." Akapandishiwa. Uvimbe wa chini ulipoisha, ikaonekana ngozi iliyobaki haitoshi. Siku hizi akilala jicho linabaki wazi mwanya mwembamba, mweupe, na kila usiku analitia malhamu lisikauke. Nilipomwona safari ya mwisho alikuwa na taulo dogo lenye maji shingoni, la kulowesha jicho, mchana kutwa, kama mpishi. Ngozi iliyobaki unaweza kuipunguza siku nyingine. Iliyokwisha kutupwa hairudi, na kuiziba kwa kiraka cha ngozi kutoka kwingine mwilini ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nilisubiri, basi. Mwezi wa tatu nikapiga simu, nikaambiwa daktari amesema matokeo ni mazuri. Mwezi wa nne nikaambiwa marekebisho yapo, kwa nusu ya bei ya kwanza. Nikaomba picha yangu ya kabla ya upasuaji. Wakanitumia ile moja: nimecheka, macho yamekunjika kwa kicheko, kichwa kimeinamia kushoto. Haina faida kwa yeyote. Huwezi kujua kwayo nilifika nikiwa vipi.

Mwezi wa tano nikaenda kwa daktari bingwa wa macho hapa hapa Mombasa. Baada ya salamu, jambo la kwanza alilosema ni, "Mama, umekuja na picha za zamani?" Nilikuwa na kitambulisho kwenye mkoba. Jioni nikamletea albamu ya harusi yangu ya 1995.

Aliviweka mezani, akachukua kipande cha karatasi, akakilaza juu ya picha ya kitambulisho kikipita kwenye mboni zote mbili. Unyusi wa kushoto ulikuwa juu ya karatasi kwa nafasi nzuri. Wa kulia ulikuwa unakaribia kuigusa. Kisha akafungua picha ya harusi, na pale tofauti haipo kabisa. Akaniuliza nani alinipamba. Nikamwambia nilijipamba mwenyewe. "Basi angalia mkono wako ulichofanya," akasema. Nilitazama. Unyusi wa kulia nilikuwa nimeuchora juu kidogo ya mahali pake. Wanja wa jicho la kulia nilikuwa nimeuvuta mnene zaidi na kuupandisha mwishoni. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisawazisha uso wangu kila asubuhi, mkono unajua, mimi mwenyewe sijui.

Nililia pale, na si kwa ajili ya uzuri. Nililia kwa kuwa jambo lililoweza kuonekana kwa kipande cha karatasi na kitambulisho halikuwa limeangaliwa na yeyote.

Alinieleza kwa Kiswahili, taratibu, na nitajitahidi kuyafikisha aliyoyasema. Kope haining'inii peke yake. Juu yake kuna nyusi, na nyusi zikishuka zinasukuma ngozi chini. Mtu mwenye kope nzito huinua nyusi kutwa nzima apate kuona. Siku kope zinapopunguzwa, paji la uso linapumzika, nyusi zinashuka, na ule unyusi uliokuwa chini tangu mwanzo ndio unaoonekana kushuka zaidi. Ukikata ngozi kiasi kile kile pande zote mbili kwa mtu kama mimi, utapata macho yasiyolingana, hata kama mkono wako ulikuwa thabiti. Tena ukimchora mgonjwa akiwa amelala, nyusi huhama na ngozi hulegea kuelekea masikioni, unachora uso ambao hatatembea nao. Huchorwa akiwa ameketi, anatazama mbele.

Akanipima pia misuli inayoinua kope. Alibana unyusi kwa kidole gumba, akaniambia nitazame chini kisha juu, akasoma rula. Halafu akainua kope ya kulia kwa kidole akitazama kama ya kushoto itashuka. Kuna kanuni yenye jina la Ewald Hering, Mjerumani wa karne ya 19, kwamba ubongo hutuma amri iliyo sawa kwa macho yote mawili. Kwa hiyo misuli ya upande mmoja ikilegea, ubongo huongeza nguvu pande zote, na ule mzima unakaa wazi kupita kiasi. Mpasuaji akitengeneza mmoja bila kujua, mwingine unaanguka siku hiyo hiyo. Kwangu haukuanguka. Misuli yangu ni mizima, tatizo ni unyusi na ngozi. Kulijua hilo kulichukua kama robo saa na rula ya kununuliwa kwenye duka la vitabu.

Nikakumbuka neno moja. Kwa Kiarabu wanja ni kuhl, na daktari wa macho wa zamani aliitwa kahhal, mtu wa wanja. Mmoja wa madaktari hao, Ali ibn Isa wa Baghdad, aliandika kitabu cha magonjwa ya macho miaka elfu moja hivi iliyopita, na kupunguza ngozi ya kope iliyozidi lilikuwa jambo lililojulikana na matabibu wa zama zile. Na upasuaji wa "kope mbili", yaani wa kuitengenezea kope mkunjo, unaofanywa sana Asia Mashariki ulielezwa kwanza na daktari wa Japani, Mikamo, mwaka 1896, kwa mwanamke ambaye jicho moja lilikuwa na mkunjo na jingine halina. Lengo lilikuwa yafanane. Kazi hii, tangu zamani, ni ya mtu anayetazama jicho moja, kisha la pili, kisha anarudi kwa la kwanza. Asiyetazama hivyo hajaianza.

Na kazi hii inaenea. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa urembo, ISAPS, kilitangaza kwamba mwaka 2024 upasuaji wa kope uliongoza duniani kati ya aina zote za upasuaji wa urembo, zaidi ya milioni 2.1. Hapa kwetu naona kwa macho yangu. Zamani mteja akinitajia jambo hilo alinong'ona. Sasa ananionyesha kwenye simu akiwa ameketi kwenye kiti changu.

Basi ninachodai ni hiki. Kabla ya kukata, mgonjwa apimwe na apigwe picha, na nakala ya vyote viwili apewe mkononi. Picha za uso mtupu, bila kicheko, kichwa kimenyooka: macho yakitazama mbele, yakitazama chini, yakiwa yamefumbwa. Vipimo viandikwe kwa milimita, kulia na kushoto: ukingo wa kope uko umbali gani na nuru inayong'aa katikati ya mboni, mkunjo uko juu kiasi gani, unyusi uko wapi, ngozi iliyopo ni kiasi gani na itakayobaki ni kiasi gani. Na chini yake sentensi ya Kiswahili inayosema: macho yako leo yanatofautiana hivi, baada ya upasuaji huenda yakatofautiana hivi, na ikibidi kurekebisha atakayelipa ni fulani.

Siombi hisani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma akueleze njia zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Kurasa nne za Kiingereza na kalamu inayosubiri hazijatimiza sheria hiyo kwa mwanamke wa Mji wa Kale. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo linalosajili madaktari na kutoa leseni kwa hospitali, na ndilo linalosikiliza malalamiko. Tafuteni jina la daktari kwenye orodha yake kabla ya kulipa hata senti. Nalisihi baraza hilo lifanye karatasi ya vipimo kuwa sharti kwa kila upasuaji wa kope. Na anayetaka kupasuliwa kwenye saluni, na wapo, ajue kwamba damu ikivuja nyuma ya jicho, jambo ambalo hutokea kwa nadra, ina saa chache tu kabla ya kuua uoni. Saluni haina wa kuizuia.

Daktari mmoja kijana, mtoto wa jirani yangu, amenipinga. "Shangazi," aliniambia, "tukimwonyesha kila mtu kasoro za uso wake kabla hatujamgusa, nusu watakimbia na nusu watakuwa wagonjwa wa kioo." Namheshimu, na najua wapo watu ambao kioo kimewatesa mpaka hawaoni tena uso wao. Lakini hao ndio wa kwanza wanaohitaji kuambiwa kabla, na daktari mwema atawakatalia. Kwa wengine, nina ushahidi wa kazi yangu. Tangu mwezi ule wa tano, kila biharusi anayekuja kwangu nampiga picha ya uso mtupu kabla ya kufungua sanduku, namwonyesha. Namwambia, jicho hili ni dogo kidogo, unyusi huu uko juu, nitafanya hivi. Hakuna aliyekimbia. Mmoja aliitazama picha kitambo, akasema, "Kumbe ndiyo maana katika picha zangu zote nageukia kushoto." Tukampamba, na siku hiyo alitazama mbele.

Lililonikawiza kuandika ni aibu. Mtaani nimeambiwa haya ni malipo ya kugusa alichoumba Mungu. Shoga yangu wa miaka thelathini alisema, kwa upole kabisa, "Si uliyataka mwenyewe?" Niliyataka, ndiyo. Nilitaka kope zipunguzwe na mtu aliyenipima. Mtu aliyeshonewa kanzu mkono mmoja mrefu haulizwi kwa nini alitaka kanzu. Lakini mwanamke aliyekwenda kutafuta uzuri akiharibiwa huonwa hana haki ya kusema, naye hunyamaza, anavaa miwani, na kliniki inaendelea na anayefuata. Nimehesabu kwenye kiti changu wanawake wanne wa namna hiyo mwaka huu. Wote waliniomba niwazibie kwa rangi. Hakuna hata mmoja aliyepeleka malalamiko popote.

Sasa ni mwezi wa nane. Vipimo vimetulia: kushoto 4, kulia 2.5. Uvimbe ulikuwa umebeba nusu milimita ya ile tofauti, iliyobaki ndiyo yenyewe. Nimeamua kurekebisha, baada ya msimu wa harusi kwisha na Ramadhani kupita. Daktari wa Mombasa ataondoa milimita 3 za ngozi ya kope ya kulia peke yake, kwa kuwa ngozi hukaa imejikunja na inabidi kuondoa kama mara mbili ya unachotaka kukiona. Alipima kutoka chini ya unyusi hadi kwenye nywele za kope, akapata 24. Zitabaki 21. Chini ya 20 hakubali, jicho lisije likashindwa kufumba. Nilifikiria jicho la yule mwenzangu wa Malindi.

Ameyaandika yote kwenye karatasi, nusu ukurasa, kwa Kiswahili, na picha tatu zimebandikwa nyuma. Mstari wa mwisho unasema kwamba huenda ikabaki tofauti ya nusu milimita, na kwamba unyusi wa kulia utaendelea kuwa chini. Aliusoma kwa sauti, akaniuliza kama nimeuelewa. Nikamwomba ausome tena. Akausoma. Nikachukua kalamu.